Mwanamke Aliyegusa Chuma Kwanza

Kabla hajakupa mkono, Fundi aligusa chuma. Akiwa mlangoni aligusa komeo. Sokoni aligusa mizani ya mwuza samaki, ndipo akamsalimia mwuza samaki mwenyewe. Ukikutana naye njiani mahali pasipo na chuma chochote, alisimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akajicheka, kisha akakupa mkono hivyo hivyo. Waliomjua hawakushangaa. Wasiomjua walisema ana wasiwasi, na wengine wakasema ana jini la bahari linalopenda vyuma.

Alikuwa fundi wa vyombo vya hospitali kule Kismayo, katika miaka ya mwisho kabla ya vita. Vipimo vya moyo, taa za chumba cha upasuaji, friji ya damu, na juu ya vyote ile mashine ya watoto njiti, sanduku lenye kifuniko kama kioo linalomtunzia joto mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Mashine hiyo ilikuwa moja tu kutoka pale mpaka Ras Kamboni, visiwa vyote vikiwemo. Fundi naye alikuwa mmoja.

Mimi nilimjua miaka mingi, lakini kwa vipande, maana sikukaa mahali. Nimepakua mizigo bandarini, nimekaanga samaki Burgao, nimepanda malori ya kwenda bara bila kujua nitarudi lini. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu kabla mimi sijachoka kuuliza. Fundi hakuchoka. Kila niliporudi Kismayo nilipita karakana yake nyuma ya jiko la hospitali, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikauliza. Alijibu huku ameshika bisibisi mdomoni, na ukishindwa kumwelewa alidhani umefanya makusudi.

Jina lake silitaji, wala nasaba yake. Mwenyewe hakupenda kuitwa jina. "Jina langu wanalo wanawake wengi," alisema. "Ufundi huu ninao mimi." Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo, na mimi namsifu kwa hilo. Daktari mkuu, mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili chake wodini, alimtambulisha kwa wageni akisema, "Huyu ndiye mwenye hospitali, sisi tumepanga." Fundi aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayethibitisha habari ya kweli.

Adui yake alikuwa mmoja. Wenye vitabu wanamwita umeme tuli. Yeye alimwita umeme wa nguo. Alinifunza hivi: vitu viwili vikisuguana, nguo ya nailoni na ngozi, soksi na zulia, kimoja humwachia mwenzake umeme kidogo, na umeme huo hukaa palepale juu ya mtu, haumuumi wala haumwangushi. Mtu anatembea nao bila habari. Akigusa chuma, unaruka wote kwa mpigo mmoja. Yeye anasikia ta, kama mdudu amemuuma kidoleni, anasahau. Lakini akiwa amegusa bodi ya mashine, ule ubao wenye vipande vidogo vyeusi ambavyo ndivyo akili yake, basi ile ta iliyompita yeye imeua kitu chembamba kuliko unywele.

"Na hutaona moshi," alisema. "Hutasikia harufu. Mara nyingine mashine haifi siku ile. Inaendelea kufanya kazi, imeumia ndani, na inakufa siku mtoto yumo. Ndiyo maana namwogopa kuliko ule umeme wa ukutani. Ule wa ukutani una adabu, unapiga kelele."

Kwa hiyo aliweka sheria. Mlangoni mwa chumba cha mashine alisimamisha bomba la chuma, urefu wa kiuno cha mtu, lililofungwa waya mnene uliokwenda mpaka ardhini. Hakuna aliyeingia bila kulishika, awe daktari, mfagizi, au mama wa mtoto. Sakafuni palitandikwa mikeka ya ukindu, ikinyunyiziwa maji asubuhi. Mbele ya kiyoyozi lilining'inia taulo la pamba lililolowa. Kile kifuniko cha mashine kilifutwa kwa kitambaa chenye unyevu, kamwe si kikavu, hata kama kikavu ndicho kinacholeta mng'aro. Wauguzi walipenda mng'aro. Vita vya Fundi na wauguzi juu ya kitambaa kikavu havikuisha mpaka vita vyenyewe vilipokuja.

Halafu kulikuwa na suala la mavazi. Wanawake wa mjini wakati ule walipenda dirac, magauni mapana ya kitambaa cha kung'aa, mepesi kama pumzi, na chini yake gagulo la nailoni. Fundi alisimama mlangoni na rundo la leso za pamba begani, akamsogelea kila mwanamke sikioni.

"Ndani umevaa nini?"

"Astaghfirullah. Fundi, ndiyo salamu hiyo?"

"Salamu baadaye. Ni nailoni?"

"Ni nailoni ya Dubai, na ghali."

"Haye. Ya Dubai ikae nje na wewe ukae nayo, au uivue, uvae leso yangu, ukamwone mwanao."

Walimtukana, wakavaa leso, wakaingia. Lakini nenda arusini uone. Fundi huyo huyo, ikifika arusi, alikuwa ameng'aa kuliko bibi arusi. Dirac ya zambarau yenye nyuzi za dhahabu, kitambaa ambacho ukikikunja gizani kinatoa cheche. Niliwahi kumwambia, "Fundi, leo umejivika adui." Akanitazama toka juu mpaka chini, mimi na shati langu lenye mafuta ya samaki. "Arusini nimekuja kama mimi," akasema. "Kule ndani huwa naenda kama fundi. Wewe vaa tu hilo lako, hata adui hakutaki."

Na redio yake ya nyumbani ilikuwa mbovu. Miaka yote niliyomjua, ile redio ilisema tu ikipigwa kofi ubavuni, na kofi lenyewe alijua yeye peke yake lipigwe wapi. Jirani zake waliona ni aibu, fundi mkubwa vile. Nilimwuliza kwa nini haitengenezi. "Redio hii ni yangu," alijibu. "Ikifa, nimekosa taarabu. Kwangu nina haki ya kuwa mzembe."

Lile bomba la mlangoni nalo lina hadithi yake. Kina mama waliona kila mtu analishika kabla ya kuingia kwa watoto njiti, na watoto wale, waliokuwa na ukubwa wa kiganja, walianza kutoka wazima. Wakaunganisha mambo kwa namna yao. Mmoja akalishika bomba kisha akajipaka mikono usoni. Wa pili akafanya vile vile. Muda si mrefu bomba likafungwa kitambaa cha kijani, likapakwa mafuta mazuri, na akatokea bibi kutoka kisiwa cha Chovae aliyeomba ruhusa ya kulifukizia udi ili mjukuu wake apate hamu ya kula.

Fundi alikuta kitambaa asubuhi. Mimi nilikuwapo, nimeleta samaki jikoni. Alikiondoa, akalisugua bomba kwa jivu, maana mafuta yanazuia mguso, akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima, na kwa Kibajuni, lugha inayomwita mtu mchu, aliyoirudia akikasirika, "Bomba hili halimwombei mchu. Ni bomba. Limetoka choo cha zamani."

Habari zilikuwa zimeshafika msikitini. Sheikh wa mtaa alikuja mwenyewe, mzee mpole, amevaa kanzu mpya isiyoshika mkunjo, ya kitambaa kile cha kisasa.

"Fundi, nimeambiwa una bomba."

"Ninalo, sheikh."

"Linaponya?"

"Haliponyi. Linapunguza."

"Linapunguza nini?"

"Karibu ndani nikuoneshe. Vua viatu."

Karakanani alikuwa na kipande cha zulia la nailoni, alichokihifadhi kwa kazi hiyo, na kiyoyozi kidogo kilichokausha hewa. Akamwambia sheikh aburute miguu juu ya zulia, aende na kurudi, kisha aguse kishikio cha mlango. Sheikh akaburuta, kanzu ikimganda miguuni. Akagusa. Ta. Akaurudisha mkono, akakitazama kidole. Akarudi kwenye zulia, akaburuta tena, akagusa tena. Ta. Mara ya tatu alikuwa anatabasamu kwa ndevu zote.

"Na hii ndiyo inaua mashine?"

"Hii. Tena ndogo kuliko hii, ambayo wewe huisikii kabisa."

"Na ukishika bomba?"

"Inateremka ardhini kabla hujaingia. Basi. Hakuna siri nyingine."

Ijumaa ile sheikh aliwaambia watu kwamba bomba la hospitali lishikwe, kwa kuwa kumlinda mtoto ni wajibu, lakini uso usipakwe. "Gusa upite," alisema. Neno likaenea mjini. Vijana bandarini wakawa wanaambiana hivyo wakipita bila chochote mfukoni mbele ya vibanda vya wauza halwa, gusa upite. Fundi alijigamba nalo mpaka tukachoka. Sheikh amehutubia habari ya waya wangu, alisema, niambieni fundi mwingine aliyefikia hapo.

Sheria hizi zote hazikutoka kitabuni. Zilitoka kwenye zulia, na mtoto aliyeniingiza mimi katika habari hii alikuwa wa dada yangu.

Mashine ilipokuja mara ya kwanza, Fundi hakuwapo. Ililetwa kwa lori kutoka Mogadishu, naye alibaki kule nyuma kutafuta bodi ya akiba, kwa sababu alishajua kwamba chombo kisicho na akiba ni mgeni wa muda. Hospitali ikaipokea mashine kwa heshima. Nani kwetu anapokea kitu cha thamani bila kukipamba? Sista mkuu wa wodi, mwanamke mwenye moyo mweupe, akachanga na wenzake. Wakanunua zulia nene la nailoni, jekundu, wakalitandika ukuta kwa ukuta. Wakashona shela ya kitambaa cha kung'aa chenye kishada kila pembe, wakaifunika mashine kama bibi arusi siku ya kutolewa nje. Wakafunga madirisha vumbi lisiingie. Wakawasha kiyoyozi usiku na mchana, baridi ikawa kama ya milimani. Wakafukiza udi. Na kwa kuwa zulia ni zulia, kila aliyeingia alivua viatu, akatembea kwa soksi, taratibu, kwa kuburuta miguu, kwa adabu.

Mashine iliwashwa, namba zake za joto zikiwaka nyekundu, ikimsubiri Fundi aithibitishe.

Alifika amechoka na safari, kopo la maziwa ya unga mapajani njia nzima. Ndani ya kopo mlikuwa na ile bodi ya akiba, katika mfuko wake wa rangi ya fedha, ukiwa umezungushiwa kitambaa cha pamba. Alivua viatu kama wengine. Alitembea juu ya zulia, kopo mkono wa kushoto. Akaifunua shela kwa mkono wa kulia, akaivuta yote kwa pamoja huku wanawake wakipiga vigelegele, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha mbele.

Ta.

Namba zikazimika. Vigelegele vilichelewa kidogo kunyamaza.

Alinisimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja, na kila mara alikinyoosha kile kidole. Wanawake walisema ni jicho la hasidi. Mmoja akaanza kusoma dua. Yeye aliketi palepale zuliani, shela mapajani, akaona nywele za mkono wake zimesimama zikiielekea shela, kama majani yanayoelekea jua. Hapo akaelewa. Mafunzoni mwalimu wao mgeni alikuwa ameliruka somo hilo. Nyinyi watu wa pwani, aliwaambia, hewa yenu ina maji, umeme huu hautawasumbua. Na kweli hewa ya Kismayo ina maji, shati halikauki. Lakini chumba kile hakikuwa Kismayo tena. Wanawake wale, kwa kuipenda mashine, walikuwa wameitengenezea nchi nyingine ndani ya kuta zetu, nchi ya baridi na ukavu, wakaitandika nailoni.

Hakuwalaumu. Hilo nalisema kwa fahari juu yake. Sista alipolia, Fundi alimwambia, "Sista, mlimpa mgeni heshima. Mimi ndiye niliyesoma, na kidole ni changu."

Alichobaki nacho ni kopo. Mogadishu walishamwambia kwamba bodi nyingine ya namna ile haipo.

Sasa mimi. Siku chache baada ya hapo nilimleta dada yangu kutoka Chovae kwa mashua ya injini, uchungu umemshika na miezi haijatimia. Alijifungua hospitali mtoto wa kike, mdogo, ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Daktari akamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, leso juu, chupa za maji ya moto pembeni. "Tunaweza kumshikilia hivi kidogo," aliniambia. "Lakini anapoa, na mama naye ana homa. Anahitaji mashine."

Nikaenda karakanani. Daktari alinifuata. Fundi alikuwa amekaa mbele ya kopo lililofungwa.

"Fundi," daktari akasema, "itie leo."

"Leo siitii."

"Mtoto anapoa."

"Nimesikia. Nikiitia leo juu ya zulia lile, bila njia ya ardhini, ninaweza kuiua kama nilivyoiua ya kwanza. Halafu huyu atapoa, na wa kesho atapoa, na wa mwaka ujao. Nipe mpaka kesho asubuhi."

"Na asipofika asubuhi?"

Fundi alilisogeza kopo pembeni. Akanigeukia mimi, mtu asiyemjua bado. "Wewe ni nani?"

"Mjomba wa mtoto."

"Unajua kuchimba?"

"Najua."

"Basi kazi ya kumwokoa mpwa wako iko nyuma ya kisima. Chimba mpaka udongo uwe mbichi, kisha uendelee."

Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia kwa saa ile, wala sijapata kufanya kazi namna ile tena. Nilichimba. Yeye alinituma ufukweni kwa waunda mashua, nikapewa bamba la shaba lililong'olewa kwenye chombo kikuukuu. Tulilisugua likawaka. Tukatandika mkaa na chumvi shimoni, bamba juu yake likiwa limefungwa waya mnene wa kwenda chumbani, mkaa tena, maji ya kisima. Kila nilipopumzika alikuja juu ya shimo, akaniambia, "Dada yako kanituma nikuulize kama umelala." Hakuwa ametumwa. Lakini alikuwa anapita wodini kila anapoondoka pale, na kila akirudi alisema neno moja tu, "Yupo." Nikaendelea.

Wakati huo wanawake wa wodi, Sista mbele, walikuwa wanang'oa zulia lao wenyewe. Walilitoa nje mabegani kama jeneza. Wakaosha sakafu. Wakafungua madirisha, hewa ya bahari ikaingia. Mikeka ikatoka majumbani mwao.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Mtu anayeishika bodi yenyewe lazima mwili wake ufungwe na ardhi muda wote wa kazi, na kifungo cha mkononi cha namna hiyo hatukuwa nacho. Fundi alivua bangili yake ya fedha, ile nene ya bibi zetu, akaibana kwa koleo mpaka ikamkaa mkononi bila nafasi. "Isiyogusa ngozi ni pambo," alisema. Akalehemu waya, na katikati ya waya akatia kirezista kidogo alichokitoa kwenye redio mbovu. Nikamwuliza kile cha nini, kama waya tayari unakwenda ardhini.

"Ukijifunga na ardhi moja kwa moja," alisema, "siku ukigusa umeme wa ukutani utapita ndani yako wote kwa haraka, utakufa. Hiki kinaufanya upite polepole. Umeme wa nguo hauna haraka ukioneshwa njia. Mimi nataka bodi iishi, lakini na mimi nina arusi mwezi ujao."

Asubuhi aliingia miguu mitupu, leso mbili za pamba mwilini, bangili mkononi, waya ukimfuata kama mkia. Alishika bomba, ambalo lilikuwa limesimamishwa alfajiri ile. Alifungua kopo. Aliuweka mfuko wa fedha juu ya mwili wa chuma wa mashine, akasubiri umeme wa vitu hivyo viwili ulingane, ndipo akaufungua. Bodi aliishika pembeni, kwa kingo, kama unavyoshika picha ambayo haijakauka. Mimi nilikuwa dirishani nimejaa udongo. Aliipachika, akafunga misumari ya parafujo mmoja mmoja, akasimama, akalishika bomba tena, akabonyeza kwa kidole kile kile.

Namba zikawaka.

Hakushangilia. Alizitazama zikipanda mpaka joto likatimia, akamwambia Sista, "Mlete mwenyewe." Alipotoka nje alinikuta, akaangalia mikono yangu. "Shimo lako zuri," akasema. Nimesifiwa mara chache maishani. Ile naikumbuka.

Mpwa wangu alikaa ndani ya mashine ile mpaka akapata mashavu. Nyuma yake walikuja wengine, kutoka Burgao, kutoka visiwani, watoto wa wavuvi na watoto wa makarani, na bodi ile haikufa. Ilifanya kazi mpaka vita. Vita vilipofika Kismayo, mashine ilikwenda ilikokwenda milango na madirisha ya hospitali. Watu tulitawanyika, wengine baharini mpaka Kiunga na mbele zaidi. Kuhusu Fundi nilisikia mengi, kwamba amefia kambini, kwamba ameolewa Mombasa, kwamba ana duka la redio. Hilo la redio nililikataa.

Mwaka nilioamua kurudi Kismayo, nikiwa mzee wa kutosha kuitwa mzee, nilimchukua mpwa wangu. Alikuwa mwanamke mzima sasa, mrefu kuliko mimi, mwenye watoto wake. Tuliambiwa Fundi yuko hai, kwa jamaa zake, nyumba mpya upande wa juu. Mpwa wangu alivaa vizuri kwa ajili ya ziara hiyo, kama inavyopasa unapokwenda kumwamkia mkubwa. Dirac ya kijani kibichi yenye kung'aa, mtandio wa namna hiyo hiyo.

Tulimkuta sebuleni. Nilicheka moyoni nilipoiona sebule ile. Zulia la nailoni ukuta kwa ukuta, kiyoyozi kinavuma, pazia za hariri ya bandia. Wajukuu walikuwa wamempenda kwa namna ile ile Sista alivyoipenda mashine. Yeye alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, amepungua, jicho moja limeingia ukungu. Bangili ilikuwa mkononi, imebanwa bado, ina alama ya risasi ya kulehemu.

"Mchimba shimo," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umezeeka vibaya. Huyu nani?"

"Wa kwanza," nikasema. "Wa kopo."

Alimtazama kwa lile jicho zima. Kisha akamwita kwa kidole, kile kile. Mpwa wangu alivua viatu mlangoni, akatembea juu ya zulia kwa adabu, akiburuta miguu, dirac ikimganda. Nikaona itakavyokuwa, nikataka kusema, nikaacha. Fundi alinyoosha mkono wa kushoto kwanza, akashika nondo ya dirisha, akaishikilia vizuri. Ndipo akatoa mkono wa kulia.

Vidole vyao havijagusana bado, cheche iliruka kati yao. Ta. Kubwa, tuliisikia sote. Mpwa wangu akauvuta mkono wake nyuma, akaomba radhi.

Fundi alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kwa sauti ile, miaka yote, yeye aliyekuwa akiisikia ta hiyo anageuka rangi. Alicheka mpaka mjukuu akachungulia kutoka jikoni. Akautafuta tena mkono wa mpwa wangu, akaushika, akakipapasa kifundo chake kwa kidole gumba mpaka akaupata mpigo.

"Tazama," akaniambia. "Huyu haharibiki."

"Fundi," nikamwambia, "si ulikuwa ukisema gusa upite?"

"Aliyesema ni sheikh," akajibu, na mkono hakuuachia.